Gari Linagonga Nyuma: Uliza Linagonga Lini Kabla Hujanunua Shokapu

Kila mvua zikikatika, gereji za Nyakato na Igoma hapa Mwanza hujaa magari yenye ugonjwa mmoja. Maji yaliyoshuka kutoka milimani yamechimba njia, mawe yaliyokuwa yamefunikwa na udongo yamechomoza, na gari lililokuwa likipanda Bugarika au Isamilo kimya mwezi uliopita sasa linapiga "gu" kila likiingia shimoni. Mwenye gari anafika, anashusha kioo: "Fundi, linagonga nyuma." Fundi hajainama bado, jibu limeshatoka: "Hizo ni shokapu, kaka. Zimekufa zote mbili."

Pengine ni kweli. Lakini nimeona watu wakinunua shokapu mbili, wakalipa na ufundi, wakafika tuta la kwanza njiani kurudi nyumbani na "gu" iko palepale. Mimi ni mmoja wao, na nitaeleza ilivyokuwa. Pesa ile ni ada ya mtoto, au ni mtaji wa mtu sokoni, na inauma kuitoa kwa kubahatisha wakati jambo lenyewe lingeeleweka kwa nusu saa ya kulichunguza.

Huko nyuma kuna nini

Tuanze na springi, maana ndiyo inayobeba uzito wa gari. Kwenye magari madogo ni chuma kilichosokotwa mviringo. Kwenye Hiace za daladala na pikapu nyingi ni vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, virefu juu na vifupi chini. Tairi likiingia shimoni au likipanda jiwe, springi inajikunja na kunyooka, na abiria anapata sehemu ndogo tu ya pigo lile.

Springi ikiachwa peke yake haijui kutulia. Itapanda, ishuke, ipande tena, kama kitanda ambacho watoto wamekigeuza uwanja. Kazi ya kuituliza ni ya shokapu. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Aliyewahi kupiga kasia ziwani anaijua kazi hiyo kwa mkono wake: ukilivuta kasia taratibu maji yanaliachia, ukilivuta kwa nguvu maji yanakugomea. Shokapu ni kasia lililofungiwa ndani ya bomba la mafuta. Kwa hiyo shokapu haibebi gari. Gari lako likiwa limelala upande mmoja hata likiegeshwa mahali pa tambarare, itazame springi kwanza.

Kisha kuna bushi, na hapa ndipo kelele nyingi zinapozaliwa. Kila mahali ambapo chuma kimoja kinachezea juu ya kingine, katikati huwekwa bushi: mpira mzito ulioshikamana na bomba dogo la chuma kwa ndani na bomba kubwa kwa nje. Fikiria kiti cha chuma chenye mipira miguuni. Mipira ikiwepo unakivuta sakafuni bila mtu kusikia, ikiisha kiti kilekile kinaamsha nyumba nzima. Kiti hakijaharibika, ni mpira tu. Nyuma ya gari bushi zipo juu na chini ya kila shokapu, na zipo kwenye vile vyuma virefu vinavyolishika tairi lisiende mbele wala nyuma, ambavyo mafundi huviita amu. Vitz na magari madogo mengi yanayovutwa na tairi za mbele hayana amu nyingi nyuma. Yana boriti moja pana inayounganisha tairi zote mbili, na boriti hiyo inashikwa na bodi kwa bushi mbili kubwa, kila upande moja.

Kitu cha mwisho ni stabilaiza, fimbo ya chuma inayounganisha tairi la kulia na la kushoto ili gari lisilale sana kwenye kona. Tairi moja likipanda, fimbo inajisokota na kulivuta la pili nalo lipande. Kila ncha ya fimbo hiyo inashikwa na linki, kijichuma kifupi chenye vifundo viwili vinavyozunguka kama goti. Linki ni ndogo, bei yake si kubwa, na huisha mapema kuliko vingi. Ila si kila gari linazo nyuma. Kwenye magari mengi yenye ile boriti moja, boriti yenyewe ndiyo inayojisokota na kufanya kazi ya stabilaiza. Ukiambiwa linki za nyuma za gari la aina hiyo zimekwisha, omba uonyeshwe kwa tochi kabla hujatoa hata shilingi.

Gari langu na magunia ya dagaa

Gari langu nililinunua likiwa chini mno kwa njia ninayoishi. Juu kidogo ya nyumba yetu Bugarika kuna jiwe limekaa katikati ya njia, na kila jioni tumbo la gari lilikuwa likilikwaruza. Nikashauriwa liinuliwe. Vikawekwa vipande vya nailoni juu ya springi za nyuma, gari likapanda kama sentimita 5, na jiwe likapitika.

Haikufika wiki, likaanza. Nikipanda tuta, kimya. Tairi za nyuma zikishuka upande wa pili, "ka!" Sauti kavu, ya chuma, mara moja tu. Fundi wa kwanza akabadili shokapu zote mbili. Sauti ikabaki. Fundi wa pili akasema zile mpya ni feki, akaweka nyingine. Sauti ikabaki vilevile, na sasa nilikuwa nimelipia shokapu nne.

Jumamosi moja nilimpeleka mke wangu Mwaloni, Kirumba, kuchukua dagaa wa biashara yake. Tukarudi na magunia matatu nyuma. Nilipita matuta yote mpaka nyumbani nikiisubiri ile "ka!" na haikuja. Tukashusha magunia, nikarudi barabarani na gari tupu. "Ka!"

Nikaenda kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ina shimo la kuingilia chini ya gari. Sikupata nafasi ya kumwigizia ile sauti.

"Linagonga lini, mwanangu? Likipanda tuta au likishuka?"

"Likishuka, mzee. Na likiwa na mzigo halilii kabisa."

"Basi usinunue kitu. Lisogeze hapa."

Akaweka jeki chini ya bodi, upande wa nyuma kulia, akapampu taratibu huku ameniweka kiganja changu juu ya tairi. Bodi ikapanda vidole viwili tu, nikalisikia tairi likiondoka ardhini. "Umeona? Tairi lilitakiwa libaki chini, bodi ipande sana ndipo tairi lifuate. Shokapu yako imenyoosha mguu wote. Haina pa kwenda." Na kweli ndivyo: vile vipande vya nailoni viliinua bodi, lakini urefu wa shokapu ulikuwa uleule wa kiwandani. Gari likiwa tupu, shokapu zilikuwa karibu zimefika mwisho wake hata limesimama tu. Tairi likishuka tuta, pistoni inafika kikomo na kugonga kizuizi chake cha juu. Magunia yakiwekwa, gari linashuka, shokapu inapata nafasi, kelele inaisha. Ningeweka shokapu za nani, zingegonga zote.

Alitoa nailoni, akarudisha springi kama zilivyokuwa. Jiwe sasa nalizunguka kwa kupitia pembeni, karibu na mtaro. Zile shokapu nne, mbili ziko kwenye gari na mbili ziko stoo.

Swali lake ndilo ninalotaka libaki kwako. Watu wengi tukifika gereji tunahangaika kuigiza sauti: "inafanya ko-ko, hapana, ni kama du-du." Sauti ya chuma kikigonga chuma inafanana sana hata kama vyanzo ni kumi tofauti, na bodi ya gari ni kopo, inaibeba sauti kutoka kona moja na kuitolea nyingine. Wakati ndio haudanganyi.

Nyakati na maana zake

Likigonga mara nyingi, vijisauti vyepesi "ko-ko-ko" kwenye rasta au kwenye vijituta vya barabara ya vumbi, mwendo mdogo, kuna kitu kidogo kimelegea. Washukiwa wa kwanza ni linki za stabilaiza, bushi za juu na chini za shokapu, na nati ya juu ya shokapu ambayo haikukazwa. Pita polepole mahali ambapo tairi moja tu linapanda, lile la pili likibaki chini. Stabilaiza inasumbuka pale pande mbili zinapotofautiana. Kama likipanda tuta kwa tairi zote mbili pamoja linanyamaza, na likipanda upande mmoja linalia, anza na linki na bushi za ile fimbo.

Likipiga "gu" moja nzito likiwa limebeba watu au mzigo, na likiwa tupu limetulia, hali ni kinyume cha yangu: gari linashuka mpaka linagota. Kila upande wa nyuma una kipande cha mpira mnene kinachosubiri siku kama hiyo, ili chuma kisikutane na chuma. Mpira huo huzeeka, hukatika, huanguka barabarani bila mtu kujua. Ukishakosekana, au springi zikiwa zimechoka, au shokapu kweli zimekufa, unausikia mgoto. Kwa anayebeba abiria saba kwenye gari la watano, hapo tatizo halipo kwenye spea.

Likigonga mara moja ukishika breki na mara moja ukiachia, au ukiondoka baada ya kurudi nyuma, fikiria bushi za amu au zile mbili kubwa za boriti. Ukishika breki tairi linataka kubaki nyuma ya gari, na bushi iliyokatika inaliruhusu. Padi za breki zilizolegea kwenye kalipa nazo hutoa kijisauti kama hicho, kwa hiyo fundi asizisahau. Kwa magari yanayosukumwa na tairi za nyuma, Hiace na pikapu zikiwemo, "gu" inayokuja ukitoa gia na kuweka nyingine, au ukikanyaga mafuta baada ya kuachia, mara nyingi haitoki kwenye springi wala shokapu. Tafuta krosi, yaani vile vifundo vya propela shafti, fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma.

Halafu kuna kugonga kwa mdundo: kunakwenda na mwendo, ukiongeza kunaharakisha, ukipunguza kunapungua, hata kwenye lami isiyo na shimo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, anayekwenda Sengerema au Geita anavuka kilomita 3 hivi za ziwa juu ya lami nyoofu. Mahali laini namna hiyo springi na bushi hazina sababu ya kulia mfululizo. Ukisikia mdundo hapo, kinacholia ni kitu kinachozunguka. La kwanza kabisa kufikiria ni nati za tairi zilizolegea. Tafuta mahali salama pa kusimama, uzikaze kabla hujaendelea hata mita mia. Tairi lililotengenezwa pancha jana na kufungwa haraka haraka ndilo la kuanza nalo. Beringi iliyokwisha huwa inavuma zaidi kuliko kugonga, kama upepo unaoongezeka na mwendo.

Na springi iliyokatika. Springi za mviringo hupenda kukatika kwenye mzunguko wa mwisho, pale maji na tope vinapokaa na kutu kuila. Utasikia "ting" siku inapokatika, kisha gari litakaa chini kidogo upande huo. Msiba wake ni ile ncha kali, ambayo inaweza kuhama na kuchana tairi. Gari hilo lisipelekwe safari. Kwenye springi za vyuma bapa, angalia yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli na senta bolti inayopita katikati. Senta bolti ikikatika ekseli inaweza kusogea, na ukiwa nyuma ya daladala ya namna hiyo unaiona inakwenda ubavu ubavu.

Kabla ya fundi, safisha buti

Hili watu hulidharau, nami nasisitiza: toa kila kitu kwenye buti. Jeki, wili spana, spea tairi, galoni, viatu vya mvua, chupa ya soda iliyojificha pembeni. Kunja viti vya nyuma, vifunge tena mpaka viseme "tak". Kaza mlango wa nyuma. Piga ekzosi kwa ngumi iliyovikwa kitambaa ikiwa imepoa, uone kama mipira yake ya kuning'inizia ipo yote, maana ekzosi iliyokosa mpira mmoja inagonga sakafu ya gari kwa sauti ileile inayowafanya watu wanunue shokapu. Kisha pita tuta lilelile. Kama kimya, umemaliza.

Bado likigonga, muombe mtu atembee kando ya gari huku ukipita tuta kwa mwendo wa miguu, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mwingine akae kiti cha nyuma aweke kiganja mahali shokapu inapofungwa kwa juu, kama gari lako lina nafasi hiyo ndani ya buti. Pigo likitoka kwenye nati ile atalisikia mkononi. Vidole visikaribie springi yenyewe.

Tukija kwenye kukagua chini ya gari, kuna jambo ambalo hata mafundi wenye uzoefu hulikosea. Gari likinyanyuliwa tairi zote za nyuma zikaning'inia, vyuma vingi vinavutwa mpaka mwisho wake na kukaza. Linki iliyolegea inaweza kubanwa isicheze. Bushi iliyokatika inavutwa upande mmoja, inaonekana nzima. Fundi anatikisa, anasema "hapa pazuri," anahamia shokapu. Linki na bushi zikaguliwe tairi zikiwa zimekanyaga chini na uzito wa gari ukiwa juu yake. Ndiyo faida ya shimo kwa kazi hii. Mmoja anatikisa gari juu, mwingine chini ameshika linki kwa vidole. Kama ina nafasi ataisikia ikidunda. Bushi za amu zinasukumwa taratibu kwa mtaimbo na kutazamwa kwa tochi: mpira mzima unanyumbulika na kurudi, uliokatika unafunguka kama mdomo.

Pasipokuwa na shimo, jeki peke yake haitoshi kumwamini mtu aingie chini. Gari liwekwe kwenye stendi za chuma, mahali tambarare, na tairi za mbele zizuiwe kwa kabari. Mji wetu umejaa mawe na miteremko, na nimeona jiwe likitumiwa kama stendi. Jiwe ni kabari nzuri ya tairi. Kubeba gari ambalo mtu yuko chini yake, jiwe na tofali haviaminiki, hupasuka bila kutoa taarifa.

Yanayosemwa vijiweni

"Kandamiza buti, likiruka zaidi ya mara moja shokapu imekufa." Kipimo hiki hukamata shokapu iliyokufa kabisa, na hapo kiko sahihi. Kikikupa jibu zuri hakikuhakikishii kitu, maana mkono wako hausukumi kwa kasi ambayo shimo linasukuma. Shokapu iliyochoka utaijua zaidi kwa mafuta yanayotiririka kwenye mwili wake, siyo unyevu mwembamba wenye vumbi, na kwa tairi lenye mabondemabonde ukilipapasa. Ukiwa njiani nyuma itakuwa inanesa, na gari likipita shimo kwenye kona mkia unarukia pembeni. Dalili zake nyingi ni za mwendo kuliko za kelele.

"Paka oili chafu kwenye bushi, kelele inakwisha." Inakwisha kweli, kwa siku chache. Oili na grisi ya kawaida huingia kwenye mpira wa bushi nyingi, huuvimbisha na kuulainisha mpaka unamomonyoka. Unanunua kimya cha wiki moja kwa bushi nzima.

"Fanya alaimenti." Alaimenti inapanga tairi zitazame mbele sawasawa. Haikazi kitu kilicholegea. Tena ukiifanya kabla ya kubadili bushi zilizokwisha, vipimo vyenyewe havitakaa, utalipa mara mbili.

"Nimeweka mpya, kwa hiyo si hiyo." Kitu kipya kinaweza kugonga. Nimeona shokapu mpya ambayo tundu la bushi yake ya chini ni la bolti ya milimita 14, gari likiwa na bolti ya 12. Ile nafasi ndogo tu ilitosha kupiga "ko" kila hatua. Shokapu iliyolazwa dukani au stoo muda mrefu huwa hewa imeingia kwenye mafuta yake. Kabla ya kufungwa isimamishwe wima kama itakavyokaa kwenye gari, ivutwe na kusukumwa mara kadhaa mpaka iwe nzito kwa mwendo wote bila kukatika. Za mtumba zinahitaji hivyo zaidi, na zinahitaji pia kukaguliwa kwa macho yako kama zinavuja.

Kuna kosa jingine la kufunga kitu kipya linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu mwenye gari hawezi kuliona. Bushi haizunguki kama beringi. Mpira wake umeshikamana na bomba zote mbili, hivyo amu ikipanda na kushuka, mpira unajisokota kidogo na kurudi. Sasa fundi anafunga amu tairi zikiwa zinaning'inia, anakaza bolti mpaka mwisho, anashusha gari. Gari likitua, amu inapanda, lakini bomba la ndani limeshabanwa pale lilipokuwa. Mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana, kama mtu aliyelala shingo imepinda. Miezi michache umechanika, gari linagonga, na lawama inakwenda kwa duka la spea. Dawa yake ni ndogo: bolti zifungwe kwa mkono, gari lishushwe likae kwa uzito wake, litikiswe kidogo, ndipo zikazwe. Mwambie fundi wako hivyo kwa heshima, kabla hajaanza. Aliye mzuri atakujibu kwamba ndivyo afanyavyo.

Ukishajua hayo, maneno ya kufikisha gereji ni machache: "Fundi, linagonga nyuma kulia. Likiwa tupu, likishuka tuta, mwendo wa miguu. Likiwa na mzigo halilii. Buti nimelitoa kila kitu." Na kikibadilishwa chochote, omba cha zamani ukishike mkononi. Nyufa ndogo za juu juu kwenye mpira ni uzee tu, bushi ya namna hiyo bado ingefanya kazi. Ila weka kidole gumba kwenye bomba la ndani ulisukume. Likicheza peke yake huku mpira umebaki nyuma, au ukiona mwanga ukipita kati ya mpira na chuma, hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga.